Chora mishale kwanza, programu baadaye

Wengi wetu tuliosomea kompyuta tulichora michoro ya mtiririko wa data ili tupite mtihani, kisha tukaisahau. Nami nilikuwa hivyo, hadi chama kimoja cha ushirika cha wafugaji kiliponipa kazi ya kuandika programu ya malipo ya maziwa.

Niliona ni hesabu rahisi: mfugaji analeta maziwa, karani anapima, lita zinazidishwa kwa bei, mwisho wa mwezi analipwa. Kwenye hati zao za zamani kulikuwa na safu ya "makato". Niliiweka, nikaiacha sifuri. Mwezi wa kwanza watu wakalipwa pesa zote, bila kukatwa deni la chakula cha ng'ombe walichokopa kwenye duka la chama. Madeni yalikuwa katika daftari la mwenye kuuza duka hilo, na sikuwahi kuongea naye. Kuzirudisha pesa kulichukua miezi. Aliyelaumiwa ni karani, ilhali kosa lilikuwa langu.

Mchoro ungeniumbua mapema. Una vitu vinne tu: wahusika walio nje ya mfumo, kazi zinazofanywa, mahali data inapohifadhiwa, na mishale ya data inayopita kati yao. Tom DeMarco aliieleza mbinu hii katika kitabu chake cha mwaka 1979, na kanuni zake hazijachakaa. Kazi haiwezi kutoa kitu ambacho hakikuingia. Data haihami yenyewe kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Kama makato yanatokea kwenye hati na hakuna mshale unaoyaleta, basi kuna mtu hujamuuliza.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya kizamani, siku hizi tunaandika kidogo kidogo na kurekebisha. Kweli, mchoro huu hauonyeshi kazi ipi inatangulia wala masharti yake. Lakini kurekebisha skrini si sawa na kurekebisha pesa zilizokwisha kuingia mfukoni mwa mtu.

Ushauri wangu: chukua karatasi na penseli, kaa na karani, uchore mbele yake. Programu yako hawezi kuisoma, ila mshale anauelewa. Akikuambia "hapana, hii hupitia dukani kwanza", umeokoka.

Wewe waonaje? Bado unachora, au ulitupa penseli baada ya mtihani?