Shahidi wa Mawe

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Wapo waliolia. Wapo pia waliosema: liacheni lilale, lilikuwa jumba la Sultani.

Kauli hii si ya kupuuzwa. Mkaazi wa Mpendae, huko Ng'ambo, ana haki ya kuuliza jumba lile ni lake kwa lipi. Mwaka 2000 UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Nyumba za udongo za Ng'ambo hazikupata heshima hiyo, na nyingi zilikwisha kubomolewa kupisha majumba ya Michenzani. Aliyenyimwa kumbukumbu yake, si rahisi kulilia ya mwenziwe.

Lakini hapo ndipo hoja inapopotoka. Sayyid Barghash aliamuru jumba lile lijengwe mwaka 1883. Hakuchoma chokaa, hakuchonga matumbawe, hakubeba boriti. Waliofanya hayo hawakuacha diwani wala kaburi lenye jina. Saini yao ni ukuta ule. Anayetaka uanguke ili Sultani aadhibiwe huwafuta wao kwanza; Sultani jina lake limo vitabuni.

Na tazamwe Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja chake likasimamishwa kanisa. Lau mahali pale pangefutwa kwa kuwa pana aibu, aibu yenyewe ingepata pa kujificha.

Wala wahifadhi wasijipongeze. Jumba linalosifiwa kwa lifti na taa za umeme, lisitaje watumwa na vibarua, limekwisha kubomolewa hata likiwa limesimama.

Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 haikuliangusha Beit al Ajaib, wala Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2012 kipande cha roshani kilianguka. Hilo lilikuwa onyo. Ikapita miaka minane. Wahenga walisema la ufa na ukuta, nao hawakusikizwa.

Basi lijengwe, na Ng'ambo nayo ihifadhiwe. Na mlangoni pasiandikwe jina la Barghash peke yake. Yaandikwe ya wale wawili wa 2020, na chini yao mstari mmoja kwa wajenzi wa kwanza, ambao majina yao hakuna aliyejali kuyauliza.