Misheni Iliyokataa Kufa

Kila siku makanga anagonga bodi ya matatu na kupaza sauti, "Kengeleni! Kengeleni shukeni!" Tunashuka. Sijawahi kuona abiria akiinua shingo kuitazama kengele yenyewe, na ipo pale pale kando ya barabara, kwenye kimnara chake, ikila vumbi la Kisauni. Mimi mwenyewe nilipita chini yake miaka mingapi nikidhani ni pambo tu.

Si pambo. Ni ya Frere Town, kijiji ambacho CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka London, lilikianzisha hapo mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ililia kuwaita watu kanisani, na ililia pia kuwaonya kwamba wavamizi wanakuja.

Nitasema wazi, stori mbili zinazosimuliwa kuhusu hawa watu zimenichosha. Ya kwanza ni ile ya mitandaoni: walikuja na Biblia, tukafumba macho tusali, kufumbua tukakuta shamba limeenda. Inapata likes, inafunga mjadala. Lakini hebu isikilize vizuri. Ndani yake Mwafrika ana kazi moja tu, kufumba macho. Ya pili ni ile ya jubilei ya kanisa, ambapo mzee wa kanisa aliyevaa suti ya joto anasoma majina: Krapf, Rebmann, Hannington. Makofi. Hapo pia Mwafrika ana kazi moja, kupokea. Hawa wawili wanatukanana kila wiki na hawajui wanasema kitu kimoja.

CMS ilianzishwa London tarehe 12 Aprili 1799. Makasisi wa Kiingereza hawakuwa na haraka ya kwenda kufa kwa homa, kwa hivyo mwanzoni shirika likawategemea Wajerumani. Ndiyo maana aliyefika Mombasa mwaka 1844 ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, wakajenga Rabai, na Rebmann akakaa huko mpaka 1875, akaondoka karibu kipofu. Waliobatizwa miaka hiyo yote ni wachache mno. Kwa hivyo kama kuna mtu anakwambia Wamijikenda walifumba macho, mwambie Wamijikenda waliangalia vizuri sana na wengi wakasema asante, hapana.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Katibu wa CMS kule London kuanzia 1841, Henry Venn, alikuwa na wazo ambalo jubilei hazilitaji. Alisema misheni ni jukwaa la ujenzi tu. Nyumba ikisimama, unabomoa jukwaa. Kanisa la wenyeji lijitawale, lijilipie na lijieneze lenyewe, na misheni ife. Ndiyo, ife, kifo chake ndicho kingekuwa ushahidi kwamba kazi imeisha. Hilo ndilo lililokuwa kusudi, kwa maandishi, kabla hujazaliwa wewe, nyanya yako na nyanya wa nyanya yako. Mwaka 1864 CMS ikamsimamisha Samuel Ajayi Crowther, aliyewahi kutekwa utumwani, awe askofu kule Niger. Ilionekana wako serious.

Mwaka huohuo wa 1864, William Jones alifika Mombasa. Jones alitekwa akiwa mtoto, akaishia India, akasomeshwa karibu na Nasik pamoja na watoto wengine waliookolewa baharini. Hawa ndio walioitwa Waafrika wa Bombay. Walijua Kiingereza, Kihindustani, ufundi wa chuma na seremala. Frere Town na Rabai ziliendeshwa na mikono yao: wao walimu, wao wahubiri, wao wakalimani, wao wanaofua nati ya mlango.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa Jones ushemasi, kisha akaondoka naye kwenda Uganda. Hannington akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara kule kwa Mumia, akatangulia na watu hamsini hivi. Aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Na nani aliyewarudisha waliobaki mpaka pwani, nchi nzima ile kwa miguu, bila askofu na bila pesa? Jones. Waliingia Rabai Februari 1886 wakibeba bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Hannington ana siku yake kwenye kalenda ya kanisa, 29 Oktoba. Jones, uliza darasa lolote la Form Two.

Na si hilo tu. Rabai ya Jones ilijaa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Maagizo rasmi ya shirika yalikuwa kutowapokea, maana CMS ilitaka amani na Sultani wa Zanzibar na matajiri wa Mombasa. Watoro wakaendelea kuja, na Rabai ikaendelea kuwaficha. Mwaka 1888 wenye watumwa wakawaka, na mwisho ikabidi kampuni ya Imperial British East Africa ilipe fidia kwa zaidi ya watu 1,400 ili wapewe barua zao za uhuru. Kwa hivyo tukisema misheni ilikomboa watumwa, tuwe makini ni misheni ya nani. Ile ya London ilikuwa inaandika barua za tahadhari. Huku Frere Town kwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi wa kizungu J. R. Streeter alituhumiwa kuwachapa viboko na kuwafunga watu walewale walioletwa hapo wawe huru, mpaka ikabidi aondolewe.

Venn alikufa 1873. Wazo lake likafuata polepole. Vijana wa kizungu waliotoka vyuo vikuu vya Uingereza wakaenda Niger, wakakuta askofu mweusi, wakaona kasoro kila mahali. Crowther akanyanyaswa mpaka akafa Desemba 1891, na aliyeshika kiti chake akawa mzungu. Kwetu, mwaka 1919 serikali ya koloni ilipoagiza machifu wawasukume watu kwenda kufanya kazi kwa masetla, maaskofu wa Mombasa na Uganda pamoja na Dkt. John Arthur wa misheni ya Waskoti waliandika waraka. Walilalamikia dhuluma, ndiyo. Lakini wakakubali kazi ya lazima, mradi iwekewe sheria. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, wa shirika lingine, aliona aibu hiyo akaipinga hadharani. Kwa hivyo usiniambie "ilikuwa enzi zao". Weston aliishi enzi hizohizo.

Maaskofu Waafrika wa kwanza wa Kianglikana nchini, Festo Olang' na Obadiah Kariuki, waliwekwa wakfu 1955. Toa hesabu kutoka 1844. Miaka 111. Jukwaa lilikaa mpaka likaanza kudhani lenyewe ndilo nyumba.

Najua utaniuliza, na shule je? Maseno ya 1906? Kamusi ya Krapf ya 1882, ambayo mpaka leo wanaisimu wanaifungua? Sikatai hata kimoja. Lakini hata kwenye Kiswahili, Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu, msomi kuliko yeye katika lugha hiyo. Kwenye jalada la kamusi jina ni moja.

Kwa nini linaniuma hivi, mtu niliyeacha chuo mwaka wa pili na sijakanyaga kanisa tangu Pasaka ya juzijuzi? Kwa sababu mwaka jana nilipata kazi ya kutafsiri. Kikundi cha misheni kutoka ng'ambo, fulana za rangi moja, wiki mbili mtaani kwetu. Nilitafsiri mahubiri, nikatafsiri kliniki, nikatafsiri mama mmoja akilia kuhusu mwanawe na nikashindwa kumaliza sentensi. Malipo yakawa nauli, chakula na kitu walichokiita "baraka". Baadaye nikaona jarida lao. Watu tisa kwenye picha, majina manane, kisha "na mkalimani wetu wa huko". Wa huko! Mimi ndiye niliyekuwa hapa, buda.

Sikukasirika siku hiyo. Nilikasirika nilipokuja kusoma habari za Jones.

Mwezi uliopita wameniandikia tena, wanarudi Agosti, Mungu amewafungulia mlango. Nimewatumia bei yangu kwa siku, na nikaongeza mstari mmoja kwamba jina langu liandikwe lote, la kwanza na la baba. Barua imesomwa, naona alama. Jibu bado.