Filamu Bubu na Ndimi Zilizonyamazishwa: Nani Atawasemea Wapagazi?

Likizo iliyopita, nikiwa kwetu Lamu, niliwaonyesha vijana wachache wa mtaa wa Langoni filamu iitwayo Simba, iliyotolewa mwaka wa 1928 na Wamarekani Martin na Osa Johnson. Ni filamu bubu iliyopigwa Afrika Mashariki. Kijana mmoja, alipomwona Mwafrika akitikisa midomo bila sauti, aliniuliza: "Kaka, huyu anena nini?" Sikuwa na jibu. Jina la filamu ni neno letu, lakini maelezo yaliyo kwenye kiwambo ni ya Kiingereza, na yalitungwa na wageni.

Makala haya yanashikilia kwamba ububu wa filamu hizo haukutokana na mitambo pekee. Mzungu naye hakusikika, ila alipewa jina, maneno na kisa. Mwafrika alipewa mzigo.

Tutazame mwaka wa 1909. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani hadi mwezi Machi mwaka huo, alishukia Mombasa mwezi Aprili kuanza safari ya uwindaji. Kabla picha za safari hiyo hazijafika kwao, William Selig alitengeneza filamu ya Hunting Big Game in Africa katika studio yake mjini Chicago. Mwigizaji alijifanya Roosevelt, simba wa kweli akauawa katika pori la kuigiza, na Wamarekani weusi wakageuzwa wapagazi wa Afrika. Watazamaji waliifurahia mno. Picha halisi alizopiga Cherry Kearton huku kwetu zilipotolewa mwaka wa 1910, hazikuvutia kiasi hicho. Mpagazi halisi alishindwa na sura yake ya kubuni.

Huenda msomaji akasema kuwa tiba ni kumweka mzawa mwenyewe mbele ya kamera. Filamu za kauboi zinatutahadharisha. Katika The Squaw Man ya mwaka wa 1914, mhusika wa kike kutoka kwa wenyeji wa asili wa Marekani aliigizwa na Lillian St. Cyr, maarufu kwa jina la Red Wing, ambaye kwa kweli alizaliwa katika jamii ya Winnebago. Uso ulikuwa wa haki, lakini kisa kilikuwa cha wengine: mhusika huyo anamwokoa Mwingereza, anamzalia mtoto, kisha anajiua.

Wala tusidhani kwamba ukimya ulikuwa hali ya watu wetu. Katika miaka hiyohiyo ya filamu bubu, Muhammad Kijuma (takriban 1855–1945) alikuwa Lamu akitunga mashairi, akichonga mbao na kunakili tendi kwa hati za Kiarabu. Wataalamu kama Alice Werner walimtegemea, na miswada yake ingali imehifadhiwa Ulaya. Aliyetaka kusikia sauti ya Mswahili aliipata.

Basi tufanye nini? Wapo watakaosema kuwa filamu hizi ni mabaki ya ukoloni, tuziache zioze. Sikubaliani nao. Huko Japani, filamu bubu zilisimuliwa ukumbini na msanii aliyeitwa benshi. Nchini Tanzania, Lufufu alipata umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Hiyo ni fasihi simulizi, nayo inastahili nafasi katika idara zetu.

Napendekeza chama chetu kichague filamu moja, kiitazame pamoja na wazee wetu, kisha kiitungie usimulizi wa Kiswahili. Hatutajua mpagazi alisema nini hasa, na tusijidai kujua. Lakini twaweza kuonyesha pale maandishi ya kiwambo yanapompotosha, na kumtaja kama mtu mwenye lugha, kazi na kwao.

Nitarudi Langoni likizo ijayo. Yule kijana bado anangoja jibu.