Elimu ya Msimamizi wa Maudhui

Yasemwa na wenye makampuni, na hurudiwa na wengi wasiopata kuiona kazi yenyewe, kwamba usimamizi wa maudhui katika mitandao ya kijamii hauhitaji elimu. Kijana ajuaye kusoma na kubonyeza kitufe huketishwa darasani kwa muda mfupi, hufundishwa kitabu cha kanuni, kisha hukabidhiwa kompyuta. Tangu saa hiyo huitwa msimamizi. Maneno, picha na video za watu asiowajua hupita mbele yake, naye huamua kipi kibaki na kipi kiondolewe. Rai hii ya kwamba kazi yake haina elimu ni ya uongo, na uongo wake una faida kwa wanaoieneza. Maana kazi ikiisha kuitwa ya wasiosoma, hulipwa ujira wa wasiosoma.

Sehemu ya kwanza ya mafunzo ni kanuni, na hii ndiyo iliyo nyepesi. Kanuni husema kwamba vitisho vya kuua viondolewe, matusi kwa kabila au dini yaondolewe, na picha ya maiti yaweza kubaki ikiwa ni habari, lakini haiwezi kubaki ikiwa ni shangwe ya muuaji. Mtu mwenye akili ya wastani aweza kuyahifadhi hayo kwa siku chache. Lakini kuhifadhi sheria hakumfanyi mtu kuwa kadhi. Kadhi hupimwa kwa jambo ambalo sheria haikulitaja kwa jina, na mbele ya msimamizi wa maudhui mambo ya namna hiyo hayana hesabu.

Hapo ndipo inapoingia sehemu ya pili, nayo ni lugha. Chuki hutukana waziwazi inapokuwa changa. Ikikomaa hujifunza fumbo. Jambo hili si geni kwa Mswahili, ambaye tangu zamani amezoea kanga yenye jina la kumchoma jirani bila kumtaja. Katika Kenya neno madoadoa, ambalo mtoto wa shule hulijua kuwa ni mabaka ya rangi tu, lilitumiwa katika siasa za Bonde la Ufa kumaanisha watu wa kabila jingine wakaao kati ya wenyeji. Na kuyaondoa madoadoa maana yake ni kuwafukuza watu hao makwao. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa kwa kulitamka neno hilo katika mkutano mjini Eldoret, na Aprili ya mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki ambayo ndani yake yalikuwamo madoadoa, kwekwe na mende.

Msomaji ayatazame maneno hayo matatu. Mkulima ang'oaye kwekwe shambani hana hatia, na mama auaye mende jikoni hana hatia. Nguo yenye madoadoa hupelekwa kwa dobi, haipelekwi mahakamani. Kamusi haimsaidii msimamizi hapa, na mashine iliyolishwa kamusi haimsaidii pia. Anayejua kwamba neno limegeuka silaha ni yule ajuaye nani amelisema, kwa nani, katika wilaya gani, na mwezi gani kabla ya uchaguzi. Ujuzi huo haupatikani katika kitabu cha kanuni kilichotungwa California. Ni elimu ya lugha, ya historia na ya watu, ambayo vyuo vikuu huitolea shahada.

Mfano ulio mzito zaidi uko Rwanda. Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, wakati watu hao walipokuwa wakiuawa kwa mamia ya maelfu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwashitaki watu watatu wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura. Kesi ilianza Oktoba 2000, na hukumu ikatolewa Desemba 2003. Mahakimu waliobobea walitumia miaka mitatu kupima maneno, wakisaidiwa na wafasiri, mashahidi na wataalamu; na hata hivyo mahakama ya rufaa ilitengua sehemu ya hukumu hiyo mwaka 2007. Msimamizi wa maudhui hupewa neno la namna hiyohiyo, hana mfasiri wala shahidi, naye hutakiwa aamue kwa muda usiotosha hata kunywa kikombe cha chai. Akikosea kwa kuacha, damu yaweza kumwagika. Akikosea kwa kufuta, amemziba kinywa mtu aliyekuwa akitoa ushahidi wa dhuluma. Kazi ya uzito huu huitwaje kazi isiyo na elimu?

Sehemu ya tatu ya elimu hii haimo kabisa katika mafunzo, nayo ni elimu ya nafsi. Mwanafunzi wa udaktari hutayarishwa kabla ya kuiona maiti. Huwa na mwalimu wa kumwongoza na sababu ya kuitazama. Msimamizi wa maudhui huonyeshwa mtu akichinjwa au mtoto akinajisiwa, kisha huonyeshwa jingine, na jingine, mpaka zamu iishe. Anachojifunza kwa kweli ni kutokuhisi, na mtu aliyejifunza kutokuhisi kazini hawezi kuisahau elimu hiyo afikapo nyumbani kwa mkewe na wanawe.

Ushahidi wake umetolewa Nairobi. Kampuni ya Sama, yenye asili yake San Francisco, iliifanyia Facebook kazi hii mjini humo tangu 2019 mpaka mwanzo wa 2023, kwa mikono ya vijana wa Kenya, Uhabeshi, Somalia, Uganda, Afrika ya Kusini na kwingineko. Februari 2022 jarida la Time lilieleza kwamba baadhi yao walipata kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Daniel Motaung, kijana wa Afrika ya Kusini aliyefukuzwa baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, alifungua mashitaka Mei 2022, akidai kwamba hakuelezwa kazi yenyewe ni ya namna gani alipoajiriwa. Desemba 2024 ilijulikana kwamba Dakta Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliwapima wasimamizi zaidi ya 140 waliokuwa wameshitaki, akawakuta na ugonjwa wa akili uletwao na kiwewe. Makampuni yameyapinga madai ya wafanyakazi. Lakini hayawezi kusema kwamba hatari ilikuwa haijulikani. Mei 2020 Facebook ilikwisha kubali kutoa dola milioni 52 ili kuimaliza kesi ya wasimamizi wa Marekani waliosema kwamba kazi hiihii imewaharibu akili. Lililojulikana Marekani halikuwa siri Nairobi.

Watetezi wa hali hii hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana hawana kazi, na ujira mdogo ni bora kuliko njaa. Hoja hii ni ya zamani; kila mwenye shamba aliyetaka vibarua wa bei rahisi aliitumia. Njaa ya mfanyakazi hueleza kwa nini alikubali ujira huo, lakini haielezi kwa nini mwenye mali aliona unatosha. Ya pili ni kwamba mashine itaichukua kazi hii karibuni, basi hakuna haja ya kujisumbua kuitengeneza. Lakini mashine hufundishwa kwa mifano ambayo binadamu amekwisha kuitazama na kuipa jina, na lugha zenye maandishi machache ndizo zinazofundishwa vibaya zaidi. Mashine haikumwondoa mwanadamu mbele ya picha ya mauaji. Imemsogeza nyuma ya pazia, akawa mwalimu wake asiyejulikana.

Lipo na deni la wanachuo wenyewe. Idara za Kiswahili hufundisha fumbo katika mashairi ya kale kwa bidii ya kusifiwa, lakini fumbo lililoua watu Bonde la Ufa liliachiwa tume ya serikali kuliorodhesha. Mwanafunzi atokaye chuoni akijua kufasiri kijembe cha mshairi aliyekufa zamani, naye hajui kukitambua kijembe cha mchochezi aliye hai, amepewa nusu ya elimu yake. Nusu ya pili ndiyo ambayo kampuni humdai, nayo humlipa kana kwamba hakupata hata ile ya kwanza.

Yapasa kazi hii ipewe elimu yake na hadhi yake. Anayejifunza kazi aambiwe ukweli wa kazi kabla ya kutia sahihi. Afundishwe lugha na historia ya watu atakaowahukumu, na apewe muda wa kufikiri. Awe na haki ya kusema kwamba leo hawezi kutazama zaidi, na daktari asiyekuwa mtumishi wa kampuni. Awe na chama cha kumsemea. Na hili wenyewe wamekwisha lianza, kwani tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Mahakama za Kenya nazo, Februari 2023 na tena katika rufaa Septemba 2024, zilikataa hoja kwamba kampuni ya ng'ambo haiwezi kushitakiwa katika nchi hiyo. Wafanyakazi wamesema na mahakimu wamesema. Wenye elimu ya lugha, ambao kazi hii ni jamaa ya kazi yao, bado wamenyamaza, na kunyamaza kwao hakuna fumbo ndani yake.