Pua haina uraia

Jamani, kuna rafiki yangu, msomi kabisa, eti anataka kamera za kutambua sura zifungwe Ngara na Biharamulo ili wahamiaji haramu wajulikane mara moja. Kwa lipi? Mhangaza wa Ngara na Mrundi wa ng'ambo wanafanana, hata lugha zao zinaelewana. Mpaka waliuchora wakoloni kwenye ramani, si usoni.

Mwaka 2013, kwenye Operesheni Kimbunga, macho ya binadamu yalifanya kazi hiyo Kagera, wakaondolewa hata watu walioishi nchini miongo kadhaa. Sasa hiyo mashine itafundishwa na nani? Na macho yaleyale! Itameza makosa yetu, kisha tutayaita sayansi.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zinazobashiri jinsia kwa picha ya uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, moja ilikosea asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hakuna iliyozidi asilimia 0.8. Mwanamke tu inamkosea, itauona Utanzania?

Afisa akikosea nitabishana naye, nitamleta mjumbe wa nyumba kumi na bibi yangu washuhudie. Kamera nitailetea nani?