MGANGA HAJIGANGI, BASI TUMKINGE

Nina dukuduku lililonikaa moyoni tangu likizo ya Agosti.

Likizo hiyo nilimsindikiza shangazi kutoka hapa Habaswein, tukapitia Modogashe hadi hospitalini Garissa, akatiwe dawa za saratani. Muuguzi alikuja amevaa glavu mbili mbili, joho refu na miwani. Nilikasirika. Nikanong'ona kwa Kisomali, "Mbona anamwonea shangazi kinyaa?" Kumbe muuguzi ni msichana wa kwetu, akanisikia! Alicheka, akasema, "Mdogo wangu, simkimbii shangazi yako. Naikimbia dawa."

Akanieleza. Nyingi ya dawa hizo huua seli zinazogawanyika upesi, ziwe za saratani au nzima. Mgonjwa hupewa kwa kipimo kwa sababu faida inazidi madhara. Muuguzi hapati faida yoyote, naye huzishika siku nenda siku rudi. Mwaka 1979 wataalamu wa Finland walikuta katika mkojo wa wauguzi wa aina hiyo dalili za vitu vinavyoharibu chembe za urithi. Saiklofosfamidi, mojawapo ya dawa hizo, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mjamzito akizigusa mara kwa mara, huenda mimba ikaharibika.

Wako wanaosema eti glavu nene na joho ni anasa, pesa zinunue dawa kwanza. Mimi sikubali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi ya kujikinga. Tena asisahauliwe mama anayefagia wodi na kumwaga matapishi na mkojo. Dawa hutoka humo kwa siku mbili hivi baada ya mgonjwa kutiwa. Naye aelezwe hatari hiyo kwa lugha anayoielewa, si kwa karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa mlangoni. Hata sisi nyumbani, anayefua shuka za mgonjwa avae glavu.

Wenzangu, wengi wenu mnasema mtakuwa wauguzi na madaktari. Je, mtakubali kuwaponya watu huku mkijidhuru polepole? Wahenga walisema mganga hajigangi. Basi tumkinge sisi. Na ukimwona muuguzi amejifunika, usinune kama nilivyonuna mimi. Mshukuru.

Mwanachama, Kidato cha Tatu