Mabati Mangapi Yamebaki?

 

Ndugu Waislamu, huenda mkastaajabu kuona ukurasa huu ukizungumzia michezo ya simu. Hatumwiti mtu katika mchezo. Tunawajua wanaoikosa Alfajiri kwa sababu ya kukesha na simu, na Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa michezo ya namna hii katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Lakini adui wa wakati wetu naye ana jambo analolijua kuliko sisi.

Mtazameni kijana aliyeketi barazani Mji Mkongwe akipanga peremende za Candy Crush, mchezo uliotoka mwaka 2012. Anajua anachotakiwa kukifanya, anajua amebakiwa na hatua ngapi, na kila akigusa huona papo hapo kilichobadilika. Akishindwa hafedheheki, hupoteza nafasi moja kati ya tano, nayo humrudia baada ya nusu saa. Wazee waliokaa kando yake wanalo bao, mashimo 32 na kete 64, na mpita njia yeyote akisimama huona mchezo umefika wapi.

Sasa tujitazame sisi wenye jumuiya. Tuliweka sanduku mlangoni mwa msikiti kwa ajili ya paa la madrasa moja ya shamba, huku watoto wakisoma chini ya makuti yanayovuja. Kila Ijumaa tulisimama tukasema, "Changieni, malipo yako kwa Allah." Ukapita mwaka na nusu, na sanduku likazidi kuwa jepesi. Tukawalaumu waumini kwa ubakhili. Siku moja mzee mmoja alituuliza kwa upole, "Mwalimu, mabati mangapi yamebaki?" Hatukuwa na jibu. Hesabu ilikuwapo daftarini, lakini hakuna aliyewahi kuisoma mbele ya watu. Aibu ile ilikuwa yetu, wala si ya waumini.

Mwaka 2007 Mmarekani John Breen alianzisha Freerice, mchezo wa maneno ambao kila jibu sahihi lilitoa punje 10 za mchele kwa wenye njaa. Mwaka 2009 aliukabidhi kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Punje 10 hazishibishi hata kifaranga. Lakini mchezaji alijua alichokitoa, akarudi kesho. Nasi tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile inayodumu, ijapokuwa ndogo. Basi kwa nini tunamwonea haya mwenye shilingi mia tano?

Lipo ambalo hatulichukui. Michezo hiyo huwapanga wachezaji kwa majina, nani wa kwanza na nani wa mwisho. Ndugu mmoja katika kamati alipendekeza tubandike majina ya wachangiaji, na hoja yake ilikuwa na nguvu, kwani fedha zingekuja haraka. Tulikataa kwa kuchelea riya, na pia kwa ajili ya mjane ambaye jina lake lingekaa chini kabisa.

Tumechora miraba 60 ukutani kwa chaki, mmoja kwa kila bati. Kila bati linaponunuliwa, mwanafunzi hupaka mraba mmoja rangi. Hadi Ijumaa iliyopita ilikuwa imepakwa 46, na masika yanakaribia.